Kuweka Duka Ifakara, Mji Unaoishi kwa Mpunga

Mtu akishuka stendi ya Ifakara mwezi wa saba atasema huu ni mji wa wenye nazo. Mashine za kukoboa zinanguruma hadi usiku, malori ya kwenda Morogoro na Dar es Salaam yamepanga foleni, bodaboda hawapati nafasi ya kushuka kwenye pikipiki, na Jumamosi haipiti bila turubai la harusi au kipaimara mtaani. Mtu huyohuyo akija mwezi wa pili atauliza wenyeji wamehamia wapi. Milango mingi ina kufuli, na muuza mitumba amelala juu ya robota lake mchana kweupe.

Sisi tulihamia mwezi wa pili, mume wangu alipohamishwa kikazi. Fremu ya duka niliipata haraka na kwa kodi nafuu sana. Haikuchukua muda nikaelewa kwa nini ilikuwa nafuu.

Kwetu ni Korogwe, mkoa wa Tanga, kwenye mkonge. Huko nilikolelewa, mwaka una miezi kumi na miwili, na kila mwezi una mwisho. Mwisho wa mwezi mashamba yanalipa, duka linajaa, madeni yanafutwa, kisha mnaanza upya. Mama yangu alikuwa na genge na alijua tarehe 20 watu wanakuwa na sura gani na tarehe 2 wanakuwa na sura gani. Nilikuja Ifakara na akili hiyo, nikakuta mji ambao wengi wake hawana mwisho wa mwezi. Wana mwisho mmoja tu kwa mwaka, nao huja kati ya Mei na Julai.

Kwa asiyepajua, Ifakara iko katikati ya bonde la Mto Kilombero, mkoa wa Morogoro. Upande mmoja milima ya Udzungwa, upande wa pili, ng'ambo ya mto, nyanda za juu za Mahenge, na katikati yake tambarare tupu ambayo mto huifunika kila masika. Tambarare hiyo ndiyo inayotulisha. Pia ndiyo sababu baiskeli hazijaisha hapa hata baada ya pikipiki kuja: hakuna mlima wa kupanda. Utamwona baba kapakia gunia, mke na jembe kwenye baiskeli moja ya Phoenix, na anakusalimia kwa mkono mmoja.

Mvua za kwanza zikigonga, Novemba au Desemba, watu wanaanza kulima. Wenye uwezo wanakodi trekta, wengine pawatila, ile trekta ndogo ya kushika kwa mikono, au ng'ombe wa Wasukuma, wasio na kitu wanashika jembe. Januari na Februari ni kupanda na palizi. Mashamba mengi yako mbali, mengine mwendo wa nusu siku, mengine ng'ambo kabisa, kwa hiyo familia inafunga nyumba ya mjini na kuhamia shambani. Huko wanalala kwenye kibanda cha nyasi, au kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambacho unapanda kulinda shamba. Machi na Aprili maji yanapanda, na mpunga ukianza kutoa punje ndege nao wanashuka. Kweleakwelea hawana huruma. Mtu anashinda juu ya dungu tangu alfajiri akipiga debe na kurusha udongo kwa kombeo, na akishuka kula tu, hasara.

Ndiyo maana mwezi wa pili mji ni mtupu. Lakini hauwi mtupu kabisa. Wanaobaki ni watoto wa shule na mabibi. Hapo ndipo duka langu lilipopata wateja wake wa kwanza, na wengi walikuwa hawafiki kwenye meza.

"Shikamoo Mama Duka."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Yuko ng'ambo. Amesema utupe chumvi, kipande cha sabuni na mafuta ya kupima. Akija atakulipa."

"Atakuja lini?"

Mtoto anakuangalia kana kwamba umeuliza mvua itaisha lini.

Mkononi ana kikombe cha bati cha mafuta. Zamani mafuta ya kupima tulikuwa tunayafunga kwenye kimfuko cha nailoni, lakini mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019, kila mtoto akawa na kikombe au chupa yake ya kutumwa. Mimi nikazijua familia kwa vikombe. Kile cha kijani chenye mkono uliokatika, hao ni wa nyumba ya pili kutoka kisimani. Chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa, hao ni wajukuu wa bibi wa kona. Kikombe kikija bila mtoto wake wa kila siku, namuuliza aliyekileta: mwenzako anaumwa?

Mara nyingi jibu ni ndiyo, na mara nyingi ni homa. Mji huu ulizoea malaria kabla haujazoea lami. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa hapa na Waswisi miaka ya 1950, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kimewafanya hata watoto waongee kuhusu mbu kama wataalamu. Wanapita vijana wakiweka mitego ya taa vyumbani usiku na asubuhi wanarudi kuhesabu mbu walioingia, na jirani zangu wanaona ni jambo la kawaida kabisa mtu kuja kuhesabu mbu wa nyumba yako. Mgeni wangu mmoja kutoka Tanga alifikiri ni wezi.

Turudi kwenye mkopo. Bibi wa kona, mwenye wale wajukuu wa chupa ya kikohozi, ndiye aliyenikalisha chini. Alikuja kununua kiberiti, akaangalia rafu zangu zilivyojaa, akaniambia: "Mwanangu, huku ukisubiri mtu awe na hela ndipo umuuzie, bidhaa zako utazila mwenyewe." Nikamjibu kwa methali ya dukani, kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Akacheka, akasema matanga huku ni mwezi wa sita, na wote watahudhuria.

Nikanunua daftari la kwaya tatu. Kila nyumba nikaipa ukurasa wake. Taratibu zikajitengeneza zenyewe, nyingine kwa kuangalia wenzangu wa mtaani, nyingine kwa ugomvi. Naandika kitu na bei yake ya siku hiyo, mbele ya aliyetumwa, na kila Jumapili bibi au mtoto mkubwa wa nyumba anakuja tunasomeana. Nakopesha kinachoisha jikoni na chooni: chumvi, sukari, mafuta, sabuni, majani ya chai, dagaa, taulo za kike. Taulo za kike ziliingia kwenye orodha baada ya msichana mmoja wa darasa la saba kusimama dukani muda mrefu akijifanya anachagua peremende. Soda, vocha na sigara ni taslimu, hata kwa mwenyekiti wa mtaa. Hasa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Na nakopesha kwa kiasi ambacho shamba la mtu linabeba. Hili lilichukua misimu kuliweka sawa. Ukitaka kujua deni la mtu litalipika usiangalie nyumba yake ya mjini, uliza amelima ekari ngapi, wapi, na nani anakaa dunguni. Shamba la mabondeni sana linatoa mpunga mwingi mwaka mzuri na halitoi kitu mto ukipita kiasi. Shamba la juu ni kinyume chake. Nyumba yenye kaeneo juu na kaeneo chini naipa mkopo bila kujikuna kichwa. Sikuwahi kufikiri ningekuja kujua mashamba ya watu ambayo sijawahi kuyakanyaga.

Kuna mkopo mwingine ambao siutoi, na nilipoujua niliacha kushangaa kwa nini mtu anayevuna magunia 20 analala njaa Februari. Januari ndio mwezi mgumu kuliko yote: shule zinafunguliwa, palizi inataka vibarua, ghala la nyumbani limebaki mavumbi. Ada ilifutwa 2016 kwa shule za serikali hadi kidato cha nne, na 2022 hadi cha sita, lakini sare, viatu na madaftari havikufutwa. Basi anatokea mwenye fedha, anaegesha pikipiki yake chini ya mwembe, ana daftari kama langu. Anakupa, tuseme, sh. 30,000 leo, wewe utampa gunia la mpunga ukivuna. Mpunga ungali majani shambani, umeshauzwa. Mwezi wa sita gunia hilohilo sokoni linaweza kuwa sh. 60,000, na likihifadhiwa mpaka Januari inayofuata likapanda zaidi. Tena analipima yeye, kwa gunia lake. Gunia la mkopeshaji huwa na shingo ndefu kuliko la sokoni. Anaongezea kofia juu, anashona kwa kamba, lumbesa imekamilika. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa na inataka mazao yauzwe kwa mizani, ila mizani haijawahi kufika chini ya ule mwembe.

Sisemi hawa ni watu wabaya wote. Mmoja wao ni mteja wangu mzuri, na mwaka mmoja mtoto wa jirani alipoumwa usiku ni yeye aliyetoa nauli na pikipiki, hakuandika popote. Nasema tu kwamba mtu akichukua kwa watatu wa namna hiyo, mavuno yake yanaishia uwanjani kabla hayajafika nyumbani. Nimeona mama akipepeta, wadai wamekaa kwenye magogo wanangoja apumzike.

Kabla ya mavuno kuna wiki chache ninazozipenda kuliko zote. Mpunga umeanza kujaa ila haujakauka. Wanaukata kidogo ungali mbichi, wanaukaanga, wanautwanga ukiwa moto kwenye kinu, unakuwa bapa na laini. Hiyo ndiyo pepeta. Watoto wa vikombe wanaacha kuja na vikombe, wanakuja na viganja vilivyojaa pepeta yenye nazi na sukari, wanaimwaga mezani kwangu bila kusema kitu. Sukari yenyewe imo kwenye daftari. Ukiona pepeta, njaa ya mwaka huo imevunjika mgongo, na mimi huanza kuagiza vitu ambavyo sikuwa nimevigusa tangu Oktoba: madumu ya mafuta ya lita 20, vitenge, misumari ya bati, tochi za sola, mafuta ya kupaka yenye harufu.

Kuagiza nako kuna elimu yake. Barabara ya kutoka Mikumi ilikuwa na lami mpaka Kidatu tu, na kutoka hapo kupita Mang'ula hadi hapa ilikuwa changarawe, ambayo masika ikiwa imekolea hugeuka uji. Lori likinasa, sukari inapanda mjini kabla ya jua kuzama. Kazi ya lami ilipoanza tulikula vumbi miaka, lakini safari zikafupika. Reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, inapita hapahapa Ifakara na imeokoa wafanyabiashara wengi wa zamani. Treni ikija, haijali tope. Ikija. Kubwa kuliko yote kwetu ni daraja la mto, mita 384, lililofunguliwa 2018. Kabla yake watu wa Mahenge na Malinyi walivuka kwa pantoni, na mto ukifura mnaangaliana tu, wao ng'ambo, sisi huku, mbuzi wakilia katikati. Leo mama wa ng'ambo anaweza kuja mjini Jumapili kusoma ukurasa wake mwenyewe. Wadaiwa wangu wawili watatu waliisikitikia sana pantoni.

Mavuno yenyewe hayana maelezo mengi: kukata, kupiga, kupepeta, kuanika, usingizi hakuna. Mambo yanaanzia mashineni. Mnunuzi anafungua mdomo wa gunia, anachukua punje moja anaiuma kwa meno ya mbele. Ikikatika kwa mlio, mpunga umekauka. Ikibonyea, anakuambia rudisha juani. Mpunga uliochelewa kuvunwa au kuanikwa vibaya unatoka chenga nyingi, na chenga ina bei yake ya kusikitisha. Ukiwa mzuri, kilo 100 za mpunga zinakupa mchele kilo 60 hadi 65. Pumba laini zinakwenda kwa wafuga nguruwe na kuku, zile ngumu zinakwenda kuchoma matofali. Umeme ukikatika, na tunakaa mkoa mmoja na mitambo ya Kidatu ya megawati 204, uwanja mzima wa mashine unakuwa kimya ghafla na utasikia mamia ya watu wakiguna kwa pamoja.

Madeni yangu nalipwa hapohapo uwanjani, sehemu kwa fedha, sehemu kwa debe. Mwaka wa kwanza niliogopa kupokea mpunga. Bibi wa kona akaniuliza, sasa Mama Duka, wewe huli? Nikapokea, na nikaujua mpunga kwa majina yake: supa inayonukia hadi nyumba ya tatu, saro inayozaa sana ila wenyeji wanaikunjia pua, na mingine ambayo kila kijiji ina jina lake.

Daftari jingine ambalo ilibidi nilijue ni la msiba. Linakaa kwa katibu wa mtaa na limeandikwa nani alitoa nini. Msiba haungoji mwezi wa sita. Ukitokea Februari, hakuna mwenye fedha mtaani, kwa hiyo michango inakuja jinsi ilivyo: bakuli la mchele, kuni, ndoo ya maji, mtu kuja tu kulala kwenye mkeka. Mwanzoni nilikuwa nikituma bahasha na kuendelea kuuza, kama tulivyofanya Korogwe karibu na barabara kuu. Hakuna aliyenisema. Shoga yangu wa fremu ya pili, fundi cherehani, alikuja tu akafunga mlango wake, akasimama mbele ya wangu mpaka nami nikafunga. Njiani akaniambia bahasha haioshi vyombo. Siku hiyo niliosha sufuria kubwa hadi mikono ikachubuka, na wanawake ambao walikuwa wakiniita "yule wa Tanga" wakaanza kunitania kama shemeji. Bado naona kufunga duka siku tatu ni nyingi. Nafunga moja na nusu, na wameshanizoea.

Miaka hii ya karibuni kumeongezeka jambo ambalo halikuwa biashara yangu. Chumba cha nyuma ya fremu kilikuwa kitupu. Jirani mmoja, mama wa kikombe cha kijani, aliniomba nimwekee magunia manne Julai, akasema yakikaa kwake yataliwa na harusi za ukoo. Aliyasikia vizuri maneno yake mwenyewe, akarudia: "Nikikuomba Septemba usinipe. Hata nikilia." Septemba akaja. Hakulia, alinuna, na kwa wiki moja watoto wake walinunua chumvi duka la mbele. Januari nilimfungulia, akauza mawili kwa bei ambayo ilimlipia vibarua wote wa palizi, na yule wa pikipiki akapita mlangoni kwake bila kusimama.

Sasa chumba kimejaa. Kila gunia lina jina kwa makapeni, limekaa juu ya mbao, limeachana na ukuta kwa kiganja ili unyevu usipande. Silipishi kitu kwa wateja wa daftari. Wengine wanatoa kidogo kwa mwezi. Wanaume wawili wamenifuata kwa siri wakitaka niwawekee yao bila wake zao kujua, nikawakatalia, na wanawake watatu wamenifuata kwa ombi hilohilo kuhusu waume, nao nikawakubalia. Mume wangu anasema huo si uamuzi wa haki. Anaweza kuwa na hoja, lakini si yeye anayesomeana na watoto kila Jumapili.

Kilichobaki ni panya. Sumu siiweki karibu na chakula cha watu, mitego wameshaijua, na paka niliyepewa na fundi cherehani anapendelea dagaa za rafuni. Mwaka huu najaribu mifuko ile ya kuhifadhia nafaka yenye tabaka la nailoni ndani, isiyopitisha hewa. Inaua wadudu vizuri, hilo nimeliona. Panya wao wanaitoboa kama kawaida, kwa hiyo nimemwita fundi aje apige wavu wa chuma chini ya mlango na kwenye matundu ya juu kabla magunia ya mwezi wa sita hayajaanza kuingia.